Majirani wa Ndani ya Damu

Kisu kiliteleza juu ya waya uliojificha ndani ya tairi, kikazama kwenye kiganja cha kushoto cha Mbaluka, pale chini ya kidole gumba. Hakupiga kelele. Aliangalia damu ikidondoka juu ya mpira mweusi, akasema, "Haya sasa," kama mtu aliyemwaga chai.

"Pole mzee," alisema Maingi kutoka upande wa pili wa benchi, bila kuacha kugonga misumari. "Leo tairi imeamua kukukata kwanza."

"Nipe gundi."

Mafundi wa akala, viatu vya tairi, wa soko la Kariokor hawakuwa watu wa kutafuta bandeji kwa kidonda kama kile. Gundi ya kubandikia soli ilikuwa pale pale mkebeni na brashi yake. Unaibana ngozi, unapaka, unapuliza mpaka ishike, unarudi kazini. Inachoma kama pilipili kwa dakika moja, kisha unasahau. Mbaluka alikuwa na makovu manne yaliyofungwa hivyo. Maingi alikuwa na saba, na alipenda kuwaonyesha wateja.

Hakuna aliyekumbuka kuosha. Tairi lile lilikuwa limetoka kwenye lori la taka, likalala wiki mbili matopeni karibu na mto kabla ya kuuzwa. Mbaluka alipuliza kiganja chake, akakikunja na kukikunjua, akaona kimeshika. Hiyo ilikuwa Jumatatu asubuhi. Hadi jua la saa saba alikuwa amekwisha kata soli za jozi sita.

*

Jumatano alirudi nyumbani mtaa wa Ziwani mapema. Mkewe, Wanza, alikuwa ameketi mlangoni akisuka kiondo, daftari lake la masomo ya jioni likiwa wazi juu ya paja ili asome huku vidole vikienda. Binti yao Mukai alikuwa kijijini Mwingi kwa nyanya yake, kwa hiyo chumba chao kimoja kilikuwa kimya. Wanza alimmwagia mumewe maji ya kunawa, akaona amenyosha mkono mmoja tu.

"Na ule mwingine, Baba Mukai? Umeuacha Kariokor?"

"Nimechoka. Lete chakula."

"Nitaleta. Toa mkono mfukoni kwanza."

Aliutoa pole pole. Kiganja kilikuwa kimevimba kikawa kama mkate, na juu yake gundi iling'aa, ngumu, ya manjano, kama ngozi ya mtu mwingine iliyobandikwa pale. Wanza alikigusa kwa mgongo wa kidole chake akahisi joto kabla hata hajagusa vizuri.

"Hii inatolewa leo."

"Haitolewi. Ikitolewa kitafunguka, na nina kazi ya watu. Mkono wa kulia hukata tu, Wanza. Unaoshika ni huu. Huu ukiharibika mimi si fundi tena." Alijaribu kucheka. "Kesho utakuwa umeshuka. Nenda ngumbaru yako, utachelewa."

Neno hilo la masomo ya watu wazima, ngumbaru, alipenda kulitamka kwa kejeli kidogo. Hakumkataza mkewe kusoma. Lakini jirani yao Triza alipouliza, "Na Mama Mukai amefika darasa la ngapi sasa?" na wanawake wa bombani wakacheka, Mbaluka naye alikuwa amecheka. Wanza alilisikia cheko hilo na hakulisahau. Alichukua kalamu na daftari, akatamka maombi mafupi mlangoni kama alivyofanya kila jioni, akaenda.

*

Walisomea katika chumba cha darasa la sita cha shule ya msingi ya mtaa. Madawati yalikuwa ya watoto, hivyo watu wazima walikaa magoti yakiwa yamepanda juu: mpishi wa hoteli, wauza mboga wawili, na Wasike, bawabu wa kiwanda, ambaye kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kazini na rungu lake lilikuwa limeegemezwa ukutani. Mwalimu Opicho alikuwa amefundisha watoto mchana kutwa katika chumba hicho hicho. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini jioni ile ilikuwa na furaha ndani yake.

"Mtu akichomwa na mwiba," alianza, "baadaye pale panafanya nini?"

"Panavimba."

"Panakuwa pekundu, Mwalimu, na panapata moto."

"Na nani amepavimbisha? Mwiba?"

Wasike aliangalia mguu wake.

"Mwiba hauna nguvu hiyo. Amepavimbisha mwenye mguu. Mwili wake umefungua njia ili watu wapite." Alichora mshipa ubaoni kwa kipande cha chaki, na ndani yake akatia vitone. "Nyumba moja ikishika moto huku kwetu, nani hupiga simu?"

"Simu gani?" alisema Wasike. "Watu hutoka tu na mabeseni."

"Wameitwa?"

"Hawaitwi. Wanaona moshi."

"Basi ndani ya damu yako, Wasike, wako majirani wa namna hiyo. Tunawaita chembe nyeupe. Wanazaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, hata sasa ukiwa unanisinzilia. Ukijikata na vijidudu vikaingia, wao wanauona moshi. Wanajikunja, wanapenya kwenye ukuta wa mshipa, wanatambaa mpaka pale kwenye kidonda na kuvimeza vile vijidudu. Wengi wao hawaishi siku nyingi. Wanafia kazini. Ule usaha unaoufinya na kuukunjia uso, sehemu kubwa ni wao."

"Kwa hiyo usaha si uchafu?"

"Ni uchafu, uuoshe vizuri. Lakini ujue unamwosha nani."

Kalamu ya Wanza ilikuwa imesimama. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Alikuwa amejikata, amezaa, ameuguza, amezika, na miaka yote hiyo mtaa mzima ulikuwa ukiishi ndani yake na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Alijisikia kama mtu aliyekuta chakula kimepikwa kila siku na hajawahi kuuliza nani mpishi.

Mwalimu alisema wako wengine ambao kazi yao ni kukumbuka. Surua uliyougua ukiwa na miaka mitatu wewe umeisahau, na pengine mama yako pia, lakini wao hawajaisahau, na ikirudi inakuta wanaijua. Akasema tena kwamba kwapani, shingoni na kwenye kinena ziko tezi wanamokutania. "Watu husema mtoki ni ugonjwa. Mtoki ni baraza la hawa majirani. Limeitishwa kwa sababu kuna shida mahali."

Wanza aliinua mkono.

"Mwalimu, na mtu akiziba kidonda na gundi?"

Darasa lilicheka. "Gundi gani, Mama?"

"Ya viatu."

Wakacheka zaidi. Mwalimu Opicho hakucheka. Aliweka chaki chini.

"Kabla ya kuosha?"

"Kabla ya kuosha."

"Basi moto uko ndani na mlango umefungwa kwa nje. Watu wa mabeseni wanaingia, wanafia mle, hakuna kinachotoka. Wakizidiwa, moto utatafuta njia nyingine. Utaona mstari mwekundu unapanda na mkono kuelekea kwapani. Ukiuona huo, Mama, usingoje somo lijalo."

Wanza alifunga daftari. Aliinama kwa heshima kwa mwalimu, akatoka kabla ya kengele, na akiwa njiani hakuomba kwa maneno, alitembea haraka tu.

*

Alimkuta Maingi chumbani. Mbaluka alikuwa amelala kitandani bila shati, akitetemeka ingawa jiko lilikuwa linawaka, na Maingi alikuwa anayeyusha mafuta ya mbuzi kwenye kikopo.

"Shemeji, umekuja wakati mzuri," alisema Maingi. "Amepata mtoki kwapani, mkubwa kama yai. Ndio unamletea homa. Nataka kuukanda mpaka upasuke ndani uishe. Baba yangu alikuwa anatukanda hivyo."

"Usiuguse."

"Nini?"

"Weka kikopo chini, shemeji. Usiuguse kabisa." Wanza alisogeza taa karibu na kitanda, akaushika mkono wa mumewe na kuugeuza. Kutoka kwenye kifundo cha mkono, juu ya ngozi laini ya ndani, mstari mwekundu ulikuwa umepanda hadi karibu na kiwiko. Ulikuwa mwembamba kama uzi aliokuwa anausuka mchana. Alimgeukia Maingi. "Mtoki huo si adui. Hapo ndipo chembe nyeupe za damu yake zinakusanyika kumpigania. Ugonjwa uko mkononi, chini ya gundi, na unapanda. Anahitaji hospitali."

Maingi alimtazama Mbaluka, na Mbaluka akafumba macho kwa aibu.

"Wanza," alisema, "umeanza kusoma juzi. Jana ulikuwa unaniuliza jinsi ya kuandika herufi. Leo wewe ni daktari?"

"Mimi si daktari. Ndiyo maana nataka twende kwa daktari."

"Watanitoa damu."

Maingi aliangalia mafuta yake. Mwaka uliopita benchi lao la Kariokor lilikuwa la mafundi watatu, Muindi akiwa wa tatu.

"Muindi alitoka pale benchini kwenda hospitali akitembea," Mbaluka aliendelea, pole pole. "Kikohozi tu. Wakamtoa damu, wakamwita ndani, wakafunga mlango. Alipotoka hakuwa Muindi tena. Hakumaliza miezi mitatu. Mimi sitaki kuambiwa kitu. Kama kuna kitu, kikae huko huko kilipo."

"Hatuendi kwa kitu hicho. Tunaenda kwa mkono."

"Damu ni damu. Wakiwa nayo watapima wanachotaka."

Wanza alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Zahanati ilikuwa imekwisha fungwa, na hangeweza kumvuta mwanamume mzima asiyetaka hadi hospitali ya mbali. Alifungua daftari lake, akachukua kalamu ya bluu, na pale mstari mwekundu ulipoishia, chini kidogo ya kiwiko, akachora alama juu ya ngozi ya mumewe.

"Unafanya nini?"

"Maingi ni shahidi. Kukipambazuka tutaangalia. Mstari ukiwa haujapita hapa, nitanyamaza, na Maingi akande anavyotaka. Ukiwa umepita, unavaa viatu."

Maingi alikuna kichwa. "Hiyo ni haki, mzee," alisema.

"Haya," alisema Mbaluka. "Lakini usiniamshe kabla."

Wanza aliuinua mkono ule juu ya mto, akaloweka kitambaa maji baridi akakiweka kwenye paji la uso. Kisha akapiga magoti. "Bwana," alisema kwa sauti ndogo, "wewe ndiwe uliyeziumba hizi chembe na nimezijua leo tu. Nakushukuru nimezijua. Zitie nguvu, Baba, hazina njia ya kutokea. Na mume wangu mtie akili."

"Nimesikia hiyo ya mwisho," alisema Mbaluka kutoka kitandani.

*

Kulipopambazuka mstari ulikuwa umeipita alama, ukapita kiwiko. Wanza aliupima kwa vidole: vinne. Mbaluka aliangalia mwenyewe kwa muda mrefu, kama anavyoangalia mteja kasoro aliyoonyeshwa kwenye kiatu. Alinyosha miguu akavaa akala zake.

Kuta za Ziwani hazifichi mazungumzo. Bombani, wanawake walikuwa kwenye foleni ya maji na Triza alikuwa wa kwanza. Alimwona Mbaluka akija ameinama, anatetemeka, mkono umeningʼinizwa shingoni kwa leso ya mkewe.

"Mama Mukai, kwema? Mnaenda wapi mapema hivi?"

"Hospitali, Triza. Mkono."

"Aa, mkono." Triza alivuta beseni lake kando kwa mguu, ili lisiwe karibu na njia yao. "Jana tulisikia mambo ya damu, sijui chembe nyeupe. Nikasema, Mungu wangu, hata hawa." Mwenzake alivuta beseni lake pia. Njia ikawa pana kupita kawaida, na hao wawili wakapita katikati yake.

Mbaluka alisimama. Wanza alimshika kiuno. "Tembea," alimwambia. "Kidonda hakingoji."

Zahanati ya misheni haikuwa mbali, lakini walipumzika mara tatu. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Aliinamia kiganja, akakigusa kwa kibano, kikatoa sauti kama plastiki.

"Hii ni nini?"

"Gundi," alisema Mbaluka.

"Gundi ya nini?"

"Ya kubandika soli."

Daktari alitoka akarudi na wanafunzi wawili wa uuguzi waje wajionee. Mmoja alifunika mdomo kwa kiganja. Mbaluka, fundi ambaye wateja wake walitoka Eastleigh na hata Mukuru kumtafuta, aliangalia vidole vya miguu yake.

"Ungemleta jana," daktari alimwambia Wanza. Kisha akaiona alama ya kalamu. "Na hii?"

"Mstari ulikuwa hapo jana jioni. Asubuhi ulikuwa hapa."

Daktari aliacha haraka yake kidogo. Aliangalia alama, akaangalia mstari, akamwangalia Wanza. "Nani amekufundisha?"

"Nasoma jioni."

"Vizuri sana," alisema, na wale wanafunzi wakaacha kutabasamu. Aliandika kwenye karatasi. "Tutampasua tutoe uchafu, na sindano za penisilini. Lakini kwanza nataka hesabu ya chembe nyeupe. Mlango wa tatu, maabara."

Mlango wa tatu ulikuwa wa kijani. Mbaluka alifika mbele yake akakataa kuingia. Hakugomba. Alisimama tu, kama punda aliyefika mahali anapopajua.

Ndani alikuwa mwanamke aliyefunga ushungi mweupe, jina lake Batulo likiwa limeandikwa kwenye kifua cha koti. Alikuwa na sindano ndogo tayari mkononi. Alingoja. Wengi walisimama pale mlangoni miaka ile ya Ukimwi, na alikuwa amejifunza kutowavuta.

"Unapima nini?" Mbaluka aliuliza akiwa nje.

"Nilichoandikiwa. Nahesabu chembe nyeupe, nijue mwili unajitahidi kiasi gani."

"Na ile nyingine?"

"Ile nyingine sikuandikiwa, na siipimi kwa kumvizia mtu. Siku utakayotaka kuijua utakuja mwenyewe, uniulize mimi."

Mbaluka hakusogea. Wanza akampita, akaketi kwenye kiti, akanyosha kidole.

"Anza na mimi."

"Wewe huumwi, mama."

"Najua. Anza na mimi ili aone."

Batulo alitazama karatasi ambayo haikuwa na jina la Wanza, akamtazama mtu aliyesimama mlangoni na midomo iliyokauka kwa homa. "Tone moja," alisema. Akachoma. Wanza aliangalia damu yake ikitandazwa juu ya kioo na hakukunja uso.

Mbaluka akaingia. Aliketi na kuutoa mkono wa kulia, kichwa amekigeuza ukutani, na sindano ilipomchoma alivuta pumzi kama mtu anayeingia maji baridi.

*

Ilichukua muda vioo kukauka na kutiwa rangi. Batulo aliinamia darubini, kidole gumba chake kikibonyeza kihesabio, tik, tik, tik. Mbaluka alisikiliza kila tik. Wanza alikuwa ameufumbata mkono wa kulia wa mumewe katika mikono yake miwili.

"Elfu kumi na tisa," alisema Batulo mwishoni.

Mbaluka alishusha kichwa. "Ni mbaya kiasi hicho?"

"Mtu mzima kwa kawaida hazidi chembe elfu kumi na moja hivi. Wewe umezidi kwa sababu wapiganaji wako wametoka. Ningeogopa zaidi kama wangekuwa wachache." Aliona hajaelewa. Akasogeza kiti. "Mama, njoo uangalie wako kwanza."

Wanza alivua kilemba ili kisiguse mashine, akaweka jicho. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaona duara nyekundu zisizohesabika, zimetulia kama dengu kwenye ungo. Batulo alisogeza kioo, akasogeza tena, na tena, na hapo katikati ya wekundu ikapita moja kubwa, iliyopauka, na ndani yake kitu cha zambarau kilichofungwa mafundo matatu.

"Ni huyo?"

"Ni huyo."

Alikuwa mmoja tu mahali pale, peke yake, kama mtu anayetembea zake sokoni siku isiyo na habari. Wanza hakuondoa jicho. Alifikiri juu ya mikono iliyotengeneza kitu kidogo hivyo na kukifunga mafundo kwa uangalifu hivyo, mafundo ambayo hakuna msukaji wa viondo angeweza kuyafunga, na kukiacha kifanye kazi gizani bila kusifiwa.

Batulo akabadilisha kioo. "Na hii ni ya mzee."

Hakuhitaji kutafuta. Walikuwa watatu mahali pamoja, akisogeza wanne, akisogeza watatu tena. Kila walipoangalia walikuwapo.

"Wametoka na mabeseni," Wanza alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alicheka. "Baba Mukai, wametoka wote. Njoo."

Mbaluka aliinama juu ya darubini, mkono mgonjwa ukining'inia, jasho likimdondoka. Alikaa hapo muda mrefu mpaka Batulo akadhani amesinzia.

"Hawa wote ni wangu?"

"Wako."

"Na sikuwaita."

"Hawangoji kuitwa."

"Nimewafungia mlango," alisema Mbaluka. "Tangu Jumatatu nimewafungia, na bado wanaingia." Aliinuka pole pole, akajipangusa uso kwa bega. "Twende kwa huyo kijana afungue."

Daktari alipopasua, Mbaluka, ambaye hakulia kisu kilipomkata, alilia kwa sauti iliyosikika hadi kwenye foleni. Kilichotoka kilijaza nusu ya bakuli la bati. Wanza hakugeuza uso.

"Dawa itawasaidia," alisema daktari akifunga kidonda na kuacha kipande cha kitambaa kikiwa kimetoka nje ili usaha upate njia. "Lakini usifikiri dawa peke yake. Aje kwa sindano asubuhi na jioni. Na nyumbani, maji moto ya chumvi, mara tatu kwa siku. Kisizibwe."

"Hakizibwi," alisema Wanza.

*

Kila asubuhi Wanza alichora alama mpya. Ijumaa mstari ulikuwa umerudi chini ya kiwiko. Jumamosi ulikuwa umeipita alama ya kwanza kurudi ulikotoka, ukawa wa rangi ya waridi, umekatika-katika. Homa ilishuka. Mtoki ukapungua ukawa kama njugu. Daktari alikifungua kiganja, akakunja kidole gumba cha Mbaluka, akakikunjua, akasema kitashika tena, labda kwa ugumu kidogo siku za baridi.

Maingi alikuja kuwaona, hakuja na mafuta. Alikaa kwenye kigoda akasikiliza habari ya darubini mara mbili, akaangalia makovu yake saba moja baada ya jingine kama mtu anayekagua risiti za zamani.

"Kwa hiyo hawa wangu wamekuwa wakiteseka hivi hivi bila kusema?" aliuliza.

"Osha kwanza," Mbaluka alimwambia. "Sabuni na maji. Na gundi iache kwa soli."

"Sawa, daktari."

"Daktari ni huyu." Mbaluka alionyesha kwa kidevu upande aliokaa mkewe, naye Wanza akainamia daftari lake, akajifanya anasoma.

Jumapili, baada ya ibada, Wanza aliandaa beseni la maji moto ya chumvi kwa mara ya pili siku hiyo. Mbaluka alitumbukiza mkono. Maji yakaanza kuwa na ukungu, nyuzi nyeupe zikielea, zikijikunja, zikizama. Siku za kwanza alikuwa akiangalia pembeni. Sasa aliangalia ndani, kwa kuwa Wanza alikuwa amemwambia usaha ni akina nani. Maji yalipopoa Wanza aliufunga mkono kitambaa safi, akalibeba beseni ili akamwage kwenye mtaro wa nje karibu na bomba kama kawaida.

"Lete hapa," alisema Mbaluka.

"Utaweza na mkono mmoja?"

"Lete."

Alilibeba kwa mkono wa kulia, ameliegemeza kwenye nyonga, akatoka nje pole pole ili lisimwagike. Ilikuwa saa za mchana, watoto wanacheza, nguo za kanisani zimeanikwa. Triza alikuwa bombani anajaza mtungi wake. Tangu Alhamisi hakuwa amepiga hodi kwao.

"Baba Mukai! Umepona? Kwa nini unajisumbua na mkono huo? Si umwachie mama amwage?"

"Hapana. Hii ni yangu."

"Kwani ni nini?"

Mbaluka alifika kwenye mtaro, akapiga goti moja. Alimwaga taratibu, kidogo kidogo, mpaka maji ya mwisho yakapita kwenye tundu. Kisha akaliweka beseni chini.

"Ni watu wangu," alisema.

Triza alicheka kidogo, akingoja Mbaluka naye acheke. Hakucheka. Alikuwa amesimama, mkono wa kushoto kifuani ndani ya leso, na kwa mkono wa kulia alivua kofia. Wanza alikuwa ametoka hadi mlangoni. Naye alisimama, mikono ikiwa bado na maji, kichwa amekiinamisha, midomo yake ikienda bila sauti.

Triza aliangalia mmoja, akaangalia mwingine. Hakujua nani amekufa. Lakini alinyosha mkono wake, akafunga bomba, akangoja nao.